Chungu cha Chuma Kambini: Mwongozo Kamili wa Kukichagua, Kukipikia na Kukitunza

Kikaango changu cha kwanza cha chuma kilipasuka kambini, asubuhi ya siku ya pili. Nilikuwa nimemaliza kukaanga mayai, ukoko umeshika chini, nami nikakimiminia maji baridi kikiwa bado cha moto. Kilialika mara moja, mlio mkavu kama wa tawi linalovunjwa, na ufa ukakimbia kutoka ukingoni hadi katikati. Chuma cha aina hii kikishapasuka hakina fundi.

Tangu siku hiyo nimebeba vyungu na vikaango vya chuma hadi kila kambi niliyoweza kuvifikisha, na karibu kila kosa nililofanya au nililoliona kwa wenzangu linarudi kwenye jambo moja: chuma hiki huchelewa. Huchelewa kupata moto, huchelewa kupoa, huchelewa kujibu unapoongeza au kupunguza makaa. Ukilielewa hilo, maelekezo mengine yote yaliyomo humu utaona yanatoka hapo.

Chuma chenyewe

Vyombo hivi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni nyingi kuliko chuma cha pua au cha misumari, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na kaboni hiyo hukifanya kiwe kigumu lakini kisichokubali kupindwa. Sufuria ya alumini ikianguka hubonyea. Chungu cha chuma kikianguka kwenye jiwe hupasuka au humeguka ukingo.

Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga, wakati ambapo vyungu vizuri vilikuwa vya shaba na bei yake ilikuwa juu. Kalibu za mchanga zinatumika mpaka leo, na ndizo zinazoacha vile vipele vidogo unavyovihisi ukipitisha kidole kwenye chungu kipya. Si kasoro. Mafuta hushika vizuri juu ya vipele hivyo, na miaka ya mwiko na kusuguliwa huvilainisha.

Watu wengi huamini chuma husambaza joto vizuri kwa sababu ni kizito. Ukweli ni kinyume. Alumini husafirisha joto zaidi ya mara tatu ya chuma cha kusubu, ndiyo maana kikaango kikiwekwa juu ya moto mdogo wa katikati huungua katikati na kubaki baridi pembeni. Sifa ya chuma ni kulishika joto: kikishalijaza mwilini mwake, nyama baridi ikiangushwa ndani haikipozi kama inavyopoza chombo chepesi, na upepo wa jioni ukipita chakula bado kinatokota. Kwa mpishi wa nje, hiyo ndiyo faida kuu.

Kuchagua

Ukiweza kubeba viwili tu, chukua kikaango cha inchi 10 na chungu cha inchi 12. Kikaango hicho kina uzito unaozidi kilo 2 kidogo. Chungu cha inchi 12 huingiza karibu lita 6, na pamoja na mfuniko wake hufika kilo 8 au 9, kwa hiyo ni chombo cha safari ya gari au ya boti. Anayetembea na mzigo mgongoni akiache nyumbani. Kwa watu wawili au watatu chungu cha inchi 10, cha lita 4 hivi, kinatosha na ni rahisi zaidi kukipikia.

Angalia umbo. Chungu cha kambini kina miguu mifupi mitatu ili makaa yakae chini yake, mfuniko ulio bapa wenye ukingo ulioinuka ili makaa yakae juu bila kuteleza, na mpini wa waya wa kukining'inizia. Chungu cha jikoni kina kitako bapa na mfuniko uliobenuka juu, makaa yatabingirika. Vile vilivyopakwa rangi ya kioo inayong'aa viache jikoni kabisa. Vinapendeza, lakini moto mkali wa makaa huibandua rangi ile vipande vipande, na vipande hivyo huishia kwenye chakula.

Chombo kilichokwishatumika mara nyingi ni bora kuliko kipya, ila kikague. Kininginize kwa kidole na ukigonge kwa fundo la mkono: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Kiweke mezani uone kama kinayumba. Kutu isikutishe, inatoka. Kinachotakiwa kukutisha ni rangi nyekundu ya kufifia iliyoingia ndani ya chuma na haisuguliki, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba kiliachwa ndani ya moto mkali mno, na chuma kilichounguzwa hivyo hushika mafuta kwa shida. Jambo moja zaidi: zamani baadhi ya vyungu vilitumiwa kuyeyushia risasi, madini yale laini yenye sumu. Ukikuta chungu cha kale usichojua historia yake, kipime kwa vijiti vya kupimia risasi kabla ya kukipikia.

Ngozi ya mafuta

Weusi ule unaong'aa juu ya chuma kilichotunzwa si rangi wala si uchafu. Ni mafuta yaliyopashwa moto mpaka yakabadilika, chembe zake zikaungana na kuwa utando mgumu ulioshikana na chuma. Nitauita ngozi. Ngozi ndiyo inayozuia kutu, na ndiyo inayofanya yai liteleze. Vyombo vingi vipya huuzwa vikiwa tayari na ngozi ya kiwandani, lakini ni nyembamba, na mimi huiongeza nyumbani kabla ya safari ya kwanza. Usingoje kufanya kazi hii kambini.

1. Osha chombo kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kifute, kisha kiweke juu ya moto mdogo dakika kadhaa mpaka unyevu wote uishe. Jicho halioni maji yaliyojificha kwenye vipele vya chuma, moto huyatoa.

2. Kikiwa na uvuguvugu, kipake mafuta ya kula ya mimea kila mahali: ndani, nje, mpini, miguu, mfuniko pande zote mbili.

3. Chukua kitambaa kikavu cha pamba na uyafute mafuta yote, kana kwamba umekosea kuyapaka. Hii ndiyo hatua inayoamua. Kinachobaki baada ya kufuta kwa nguvu ndicho kipimo sahihi. Mafuta mengi hayajengi ngozi nene; hugeuka gundi yenye madoa inayonata vidoleni.

4. Kifudikize ndani ya oveni ili mafuta yasituame, kwenye nyuzijoto kati ya 230 na 260 za Selsiasi, kwa saa moja. Fungua madirisha, kutakuwa na moshi.

5. Zima oveni na ukiache humohumo kipoe chenyewe. Rudia mara tatu au nne.

Kuhusu aina ya mafuta watu hubishana sana. Mafuta ya kitani yalivuma kwa muda kwa sababu hukauka haraka na kutoa weusi mzuri, lakini ngozi yake hupenda kubanduka kama magamba. Mimi hutumia mafuta ya kawaida ya kupikia, ya soya au ya alizeti, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Asiye na oveni anaweza kuifanya kazi hii juu ya wavu wa makaa. Kifudikize chombo, kifunike na karai la chuma, na ungoje mpaka kiache kutoa moshi. Ngozi itatoka na mabakamabaka kidogo, na hilo halidhuru kitu.

Vya kubeba pamoja nacho

Glovu za ngozi zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Zile za nailoni huyeyukia kwenye kiganja, na kitambaa chenye unyevu hupitisha joto papo hapo. Ndoano imara ya kuinulia mfuniko, koleo refu, mwiko wa mbao, kikwangulio cha plastiki ngumu, chumvi ya chenga kubwa, chupa ndogo ya mafuta, na vitambaa vya pamba vya kutosha. Bamba la chuma la kupangia makaa ni mzigo wa ziada, lakini ardhi ikiwa na unyevu hunyonya joto la makaa ya chini na kukuharibia hesabu yote. Usitumie mawe ya mtoni badala yake. Maji yaliyonaswa ndani ya jiwe hugeuka mvuke, na jiwe hulipuka.

Vaa viatu vilivyofunika mguu mzima. Kaa moja la moto kwenye kandambili linatosha kuimaliza safari.

Kuandaa moto

Ndimi za moto si za kupikia kwa chuma. Hupanda na kushuka, hulamba upande mmoja, hutia masizi, na joto lake halipimiki. Washa kuni ngumu zilizokauka mapema, saa moja hivi kabla ya kupika, uziache ziteketee mpaka zibaki makaa mekundu yenye jivu jepesi juu. Ni vizuri kuwa na mioto miwili jirani: mmoja mkubwa wa kuzalisha makaa, na uwanja mdogo pembeni unakohamishia makaa ya kupikia kwa koleo. Kwa njia hiyo unaongeza joto kwa kupalia makaa, si kwa kutupia kuni chini ya chungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisiguse moto wa chakula.

Kupima joto la makaa, weka kiganja juu yake kwa urefu wa shubiri ndogo, hapo chakula kitakapokaa, na uhesabu sekunde. Ukiondoa mkono kabla ya sekunde tatu, moto ni mkali, wa kuchomea nyama. Ukivumilia tano au sita, ni wa kadiri. Ukifika nane au kumi, ni wa kutokotesha.

Majiko madogo ya gesi yanayofungwa moja kwa moja juu ya mtungi hayafai kwa chuma. Uzito huyapindua, na kikaango kipana hulirudisha joto chini kwenye mtungi mpaka ukawa hatari ya kulipuka. Tumia jiko pana lenye miguu imara, mtungi ukiwa pembeni kwa mpira. Na usiingize makaa ndani ya hema, hata yakionekana yamefifia, hata kukiwa na baridi kali au mvua. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini.

Kikaango

Kiinjike kikiwa kitupu juu ya makaa ya kadiri, si makali, na ukipe dakika saba hadi kumi. Kizungushe robo kila dakika mbili ili pembeni napo papate moto. Hapa ndipo wengi hukosa subira: wanakiweka kwenye moto mkali ili kiwahi, katikati panafika joto la kuunguza huku pembeni pakiwa pa vuguvugu, na tofauti hiyo ya joto ndani ya chuma kimoja ndiyo inayokipinda.

Nyunyiza tone la maji. Likitandaa na kuchemka taratibu, bado. Likitoa mlio na kukauka mara moja, kinafaa kwa mboga na mayai. Likijikusanya kuwa kidonge kinachotelezateleza, kimefika moto wa nyama. Sasa tia mafuta, kisha chakula. Kipande cha nyama kikigoma kung'oka usikivute. Kikishapata rangi chini kitaachia chenyewe. Mayai yanataka joto dogo kuliko unavyodhani, na mafuta zaidi kidogo kuliko unavyotumia kwenye kikaango chenye utando usionata chakula.

Punguza moto kabla hujaona haja ya kupunguza. Chuma kilichojaa joto kitaendelea kupika dakika kadhaa baada ya kukiipua, kwa hiyo ipua mayai yakiwa bado na majimaji juu.

Chungu: moto wa juu na chini

Furaha ya chungu cha chuma ni kwamba kinaweza kuwa oveni katikati ya pori. Siri iko kwenye mgawanyo wa makaa kati ya mfuniko na kitako, na kwa anayeanza, makaa yaliyobumbwa kiwandani, yenye umbo na ukubwa mmoja, hurahisisha kwa kuwa yanahesabika. Yawashe pembeni dakika kumi na tano hadi ishirini mpaka yavae jivu la kijivu.

Hesabu ya kuanzia ni hii: chukua kipenyo cha chungu kwa inchi, zidisha kwa mbili. Chungu cha inchi 12 kinataka vipande 24, na kwa siku tulivu hicho kitakupa karibu nyuzijoto 175 ndani, joto la kuokea vitu vingi. Kila vipande viwili vya ziada huongeza nyuzijoto 10 hadi 15 hivi.

Kisha ugawe kulingana na unachopika. Kuoka mkate au keki: theluthi mbili juu, theluthi moja chini, yaani 16 na 8, kwa sababu unga umegusana na kitako na ungeungua. Nyama ya kuoka: nusu kwa nusu. Mchuzi na maharagwe: geuza, theluthi mbili chini. Kukaanga na kuchemsha: yote chini, na mfuniko hauhitajiki.

Yapange ya chini kwa duara, ndani kidogo ya ukingo wa kitako, katikati ukipaacha wazi; rundo la katikati ndilo chanzo cha mikate yenye kovu jeusi chini. Ya juu yafuate ukingo wa mfuniko, na machache yakae kuzunguka kishikio. Kila dakika kumi na tano, zungusha chungu robo upande mmoja na mfuniko robo upande wa pili, ili kaa lenye nguvu kupita mengine lisikae mahali pamoja. Upepo huharakisha makaa ya upande unakotoka, kwa hiyo weka kizuizi, hata kama ni sanduku la vyombo.

Tuchukue mkate wa hamira kwenye chungu cha inchi 10. Vipande 20 kwa jumla. Wakati unga unaumuka, pasha chungu kitupu pamoja na mfuniko juu ya vipande vichache, kipate uvuguvugu tu wa kuweza kushika kwa mkono. Kipake mafuta ndani, weka unga, uache uumuke tena humohumo robo saa. Kisha 7 chini, 13 juu. Usifungue kwa dakika ishirini na tano za kwanza: kila ukifunua unatupa joto ambalo makaa yatachukua dakika tano au zaidi kulirudisha. Tumia pua. Harufu ya mkate ikianza kutoka kwa nguvu, umebaki muda mfupi. Ukinusa kuungua, toa makaa ya chini yote na uache ya juu yamalizie. Mkate mwingi hukamilika kati ya dakika thelathini na tano na arobaini na tano. Ugonge chini, ukitoa sauti ya uwazi umeiva.

Makaa ya kubumba huanza kuchoka baada ya dakika arobaini hivi. Chakula cha saa mbili kinataka uwashe kundi jipya kabla la kwanza halijafifia, na hapa tabia ya chuma kuchelewa inakusaidia, kwani chungu hakitagundua pengo la dakika chache. Kwa makaa ya kuni hakuna hesabu, maana kila kaa lina ukubwa wake. Anza na kidogo kuliko unavyodhani, hasa chini, na uongeze.

Wakati wa kufunua, inua mfuniko wima bila kuutikisa, uuhamishe pembeni kabla ya kuupumzisha, la sivyo jivu litamwagika kwenye chakula. Uweke juu ya mawe mawili makavu au kibao cha chuma, usiuweke mchangani. Mvuke hutoka upande ulioinua kwanza, kwa hiyo fungua upande wa mbali nawe.

Walio kambini milimani wakumbuke kwamba maji huchemka kwenye joto dogo kadiri unavyopanda, nyuzijoto moja hivi kwa kila mita 300. Kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu na nyuzijoto 90, na maharagwe yatataka muda mrefu zaidi hata mfuniko ukiwa mzito namna gani. Yaloweke usiku kucha.

Vyakula vikali kama nyanya, siki na malimau havikatazwi, ila visikae. Mchuzi wa nyanya wa dakika ishirini hauna tatizo kwenye ngozi iliyokomaa. Ukitokota saa tatu huila ngozi na kupata ladha ya chuma. Chakula chochote kikishaiva kihamishie kwenye bakuli. Kisilale ndani ya chungu. Chuma kidogo huingia kwenye chakula, zaidi kwenye vile vikali, jambo lisilo na madhara kwa wengi, lakini mwenye ugonjwa wa kurundikana kwa chuma mwilini azungumze na daktari wake kabla ya kupikia vyombo hivi kila siku.

Kusafisha kambini

Wakati mzuri wa kukisafisha ni kikiwa na uvuguvugu, mara baada ya kula. Kwangua mabaki kwa mwiko au kikwangulio. Kwa kikaango cha mayai au nyama, mara nyingi inatosha kukifuta kwa kitambaa, kutia kijiko cha chumvi ya chenga na matone ya mafuta, kusugua kwa duara, kisha kufuta. Chumvi hukwaruza uchafu na kuiacha ngozi.

Ukoko ulioshika unataka maji, na maji hayo yawe ya moto. Mimina maji yaliyokwisha kuchemka ndani ya chombo chenye joto, vidole viwili kwa kina, rudisha kwenye makaa yatokote dakika tano, ukikwangua kwa mwiko. Ukoko utapanda juu wenyewe. Maji baridi kwenye chuma cha moto ni lile kosa nililosimulia mwanzo. Na chuma baridi kutupwa ghafla juu ya moto mkali, hasa asubuhi ya barafu, ni kosa hilohilo kwa upande wa pili.

Sabuni? Tone la sabuni ya kawaida ya vyombo haliondoi ngozi iliyokomaa. Katazo la zamani lilitokana na sabuni zenye magadi makali, ambazo kweli huyeyusha mafuta yaliyoganda. Kinachoua chuma ni kulowekwa. Usikiache na maji usiku, usikiache kwenye umande, na usikifunike kikiwa na unyevu.

Njia moja inayopendekezwa sana na wazee wa kambi ni kukitupa chombo kichafu ndani ya moto uteketeze kila kitu. Usiifuate. Uchafu utaisha, na ngozi pia, na chuma kinaweza kupinda au kugeuka wekundu ule usiorudi nyuma.

Ukimaliza kuosha, kirudishe juu ya makaa dakika tano kikauke hasa. Kisha matone machache ya mafuta, kipake chote, ufute yote. Kinatakiwa kionekane kikavu chenye mng'ao hafifu. Maji machafu yachuje, mabaki uyaweke kwenye mfuko wa taka, na maji uyatawanye ardhini angalau mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Mafuta ya nyama yakimwagwa karibu na hema huwaita wanyama usiku, kwa hiyo chombo chenyewe kikisafishwa kihifadhiwe pamoja na chakula, mahali palipofungwa. Makaa nayo yazimwe kwa maji, yakorogwe, yatiwe maji tena, mpaka uweze kuyagusa kwa mkono.

Matatizo na dawa zake

Kutu nyepesi ya siku moja: sugua kwa waya laini na mafuta, futa, pasha moto, paka tena. Kutu iliyoenea: loweka nyumbani kwenye siki na maji sawa kwa sawa, ukikagua kila baada ya dakika kumi na usizidishe saa moja, maana siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Sugua, suuza, kaushe motoni papo hapo, kisha ujenge ngozi upya kutoka hatua ya kwanza. Chuma kitupu chenye maji hushika kutu ukiwa unakitazama.

Kikinata, ulipaka mafuta mengi. Kirudishe kwenye oveni saa moja, na pasipolainika, sugua sehemu hiyo na uanze na tabaka jembamba. Kikitoa magamba, kwangua yaliyolegea tu na uendelee kupika vyakula vya mafuta. Hakuna haja ya kukivua ngozi yote. Weusi kidogo kwenye kitambaa baada ya kupika ni mabaki ya kaboni, ongeza bidii ya chumvi. Kikitoa harufu ya mafuta yaliyochacha, kilihifadhiwa kikiwa kimepakwa kupita kiasi: kioshe kwa sabuni, kipashe mpaka moshi uishe, kipake upya.

Njiani na nyumbani

Garini, weka kitambaa kati ya chungu na mfuniko ili visigongane, kisha kikae sakafuni, kisipangwe juu ya mizigo. Miguu mitatu ile ndiyo inayomeguka kwanza, au hutoboa vitu vingine, kwa hiyo izungushie taulo kuukuu.

Nyumbani, kabla ya kukiweka, kipashe moto mara moja zaidi. Safari huwa na unyevu usiouona. Kihifadhi mahali pakavu, mfuniko ukiwa umeinuliwa kidogo kwa karatasi iliyokunjwa na kuachwa nusu nje, ili hewa ipite na karatasi inyonye kitakachobaki. Kama safari ijayo iko mbali, kipikie nyumbani mara moja kila mwezi, vitunguu tu vya kukaanga vinatosha kuilisha ngozi.